Nyasi za Wakwe na Pua Yangu

Watu wakinikuta nimefunga madirisha mchana kweupe, masika yamekwisha na jua linawaka vizuri, wanasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Najificha nyasi zisinione. Nimekuwa nikijificha hivyo tangu wakati wa Mjerumani, na hasira yangu juu ya jambo hili haijapoa hata kidogo. Ndiyo maana nimeomba karatasi kwa mjukuu wangu niandike mwenyewe, kwa mwandiko huu unaofanana na mahali kuku walipoparua. Shule sikusoma sana. Wamisionari walinifundisha herufi, nikaweza kusoma polepole nikifuata kwa kidole, kisha migomba ya baba ikahitaji mtu nikarudi nyumbani. Msomaji anivumilie.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Masika yakikata, nyasi zote za hapa Arusha, kuanzia Lemara mpaka Kimandolu, zinatoa mashuke. Ukizigusa kwa mguu zinapuliza vumbi la manjano, laini kuliko unga. Mwenzangu anapita hapo anapiga mluzi. Mimi pua inaanza kuwasha ndani kabisa, kule kidole kisikofika, halafu macho yanavimba, halafu zinakuja chafya, na chafya zangu haziji moja moja kama za watu. Makamasi yanatiririka kama maji ya mfereji. Koo linawasha mpaka natamani kulikuna kwa kijiti. Mvua ikirudi siku moja napona, jua likitoka naugua tena.

Sasa nieleze niliambiwa nini. Niliambiwa nimelewa. Niliambiwa nalia kama mjane. Mama mmoja wa upande wetu, kule juu ya Maji ya Chai, alimwambia mama yangu kwamba babu yangu marehemu hakupewa pombe yake, kwa hiyo amekuja kukaa puani mwangu. Babu yangu! Mtu aliyekuwa na shamba la migomba zuri kuliko lolote pale kijijini, afe halafu aende kukaa puani mwa mtu!

Mama yangu peke yake ndiye aliyenihangaikia. Kila asubuhi alinipaka samli ndani ya pua, kidole kizima, akasema vumbi litanasa hapo. Lilinasa kweli, si lote. Nikajifunza na mengine mwenyewe. Kutembea chini ya migomba, maana kwenye kivuli cha migomba nyasi hazipati nafasi. Kufuata mto badala ya njia ya wazi. Kutoka mvua ikiwa imenyesha. Kutolala karibu na mbuzi, maana mbuzi anarudi na vumbi lote la malishoni kwenye manyoya yake. Lakini sisi Wameru ng'ombe wetu hawaendi machungani. Wanakaa ndani, tunalala nao nyumba moja, na majani wanabebewa kichwani kila siku. Kwa hiyo adui yangu alikuwa anabebwa kwa mzigo, anaingizwa mlangoni, anatandazwa karibu na kitanda changu! Nikaomba ng'ombe wapewe vigogo vya mgomba mpaka mashuke yakauke. Ndugu zangu wakaja juu.

"Ng'ombe wakonde kwa ajili ya pua ya mtu mmoja?"

"Pua yenyewe si kubwa hivyo," akasema mwingine, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nilihamia kulala kwenye kibanda cha kuvundikia ndizi. Huko nilipumua.

Basi, nilikuwa napeleka ndizi sokoni karibu na boma la Mjerumani, na hapo ndipo nilipomwona msichana wa Kiarusha aliyekuwa anauza maziwa kwenye vibuyu. Kwao ni Lemara, ambako siku hizo hakukuwa na nyumba hizi mnazoziona, palikuwa malisho matupu. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Wewe, unamlilia nani?"

Nikamwambia, "Nalilia jani."

Hakucheka. Alinitazama kama anayetaka kujua zaidi, akasema, "Jani lipi?" Katika watu wote wa nchi hii, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza jani lipi. Nikaamua pale pale kwamba huyu ndiye, na kama sitampata yeye sitaoa.

Wameru na Waarusha tumeoana siku zote, hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuwa majira. Baba yake alisema posa ipelekwe masika yakiisha, kwa sababu ng'ombe wanakuwa na maziwa na moyo wa mtu unakuwa mweupe. Nikamwomba baba yangu mdogo, aliyekuwa ananisemea, akaombe tungoje kiangazi.

"Nikamwambie mzee wa watu posa isubiri pua yako?" akasema. "Pakaa samli twende."

Na kabla hatujaenda, askari wa boma wakapita kijijini wakachukua vijana kwenda kufyeka nyasi kuzunguka boma. Nani alichukuliwa? Mimi. Wangeniambia nibebe mawe ningebeba, nichimbe mfereji ningechimba. Nikapewa panga nikaingizwa katikati ya nyasi za kufika kifuani, zote zina mashuke, jua la saa nne. Nilipiga chafya mpaka mbavu zikauma. Bwana mmoja mkubwa akapita na farasi wake wakati huo huo, nikapiga chafya, farasi akashtuka. Askari msimamizi akanijia.

"Umelewa wewe!"

"Sijalewa, afande. Ni nyasi."

"Nyasi zimekulewesha?"

Nikachapwa kiboko. Hayakuwa yale mapigo ishirini na tano, hamsa ishirini, waliyopewa wakosaji wakubwa, lakini kiboko ni kiboko, na kosa langu lilikuwa kupumua. Naandika haya leo, na kalamu inatoboa karatasi.

Nikaenda ukweni na macho yamevimba namna hiyo. Hapa inabidi nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi hawajui. Kwa Waarusha nyasi ni amani. Ng'ombe anakula nyasi, mtu anaishi kwa ng'ombe, kwa hiyo nyasi ni uhai wenyewe. Mtu akishika nyasi mkononi humpigi, hata kama ulikuwa umeinua rungu. Mzee akikubariki anashika nyasi. Ukikosa ukaja kuomba radhi, unakuja na nyasi. Ni desturi nzuri, siidharau. Nasema tu kwamba aliyeipanga hakuwa na pua yangu.

Wazee walikaa nje ya zizi. Baba yangu mdogo akasema maneno yake vizuri, kibuyu cha pombe ya asali kikapita. Mzee wa msichana, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akainuka akaenda kung'oa nyasi. Nikamfuata kwa macho huku naomba moyoni: ng'oa fupi, baba, ng'oa fupi. Akachagua ndefu kuliko zote. Kwa heshima yangu! Akachagua zenye mashuke yaliyoiva, akazichovya kwenye maziwa, akaja kunisimamia, akaanza kuninyunyizia kichwani huku anataja watoto na ng'ombe. Mashuke yalikuwa yanapita puani kwangu huku na huku.

Nilizuia pumzi. Niliuma ulimi. Nilitazama kidole cha mguu wangu. Halafu nikapiga chafya kwenye mkono wake, na ya pili kwenye kibuyu cha maziwa, na ya tatu sijui ilikwenda wapi kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, nyasi zilikuwa chini na kibuyu kimelala ubavu, maziwa yananywewa na mchanga.

Kwa Waarusha mate ni baraka. Mzee akikutemea mate kidogo, amekutakia heri. Nilitegemea basi chafya nayo ingepita kwa njia hiyo hiyo. Haikupita.

"Ameikataa amani ya baba!" Huyo alikuwa kaka wa msichana, kijana wa rungu na mdomo. "Mnaona? Mla ndizi huyu ameipulizia makamasi nyasi ya baba!"

"Mtoto ni mgonjwa," baba yangu mdogo akasema.

"Mgonjwa wa nini? Anatembea, anakula, amekunywa pombe yetu. Ero, wewe kijana, unaumwa wapi?"

"Puani," nikasema.

Wakacheka wote, isipokuwa mzee. Mzee alikuwa anatazama maziwa yake.

Wazee wakateta, kisha wakatoa hukumu. Nirudi kabla mwezi haujafa, nimuombe mzee radhi, nikiwa nimeshika nyasi, na nizishike mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Nikizitupa tena, au nikigeuza uso, posa imevunjika, na msichana ataolewa na mtu mwingine wa huko huko aliyekuwa anangoja na ng'ombe wake.

Mmeelewa? Kosa langu ni nyasi, na dawa ya kosa ni nyasi! Nilitaka kucheka nikashindwa. Baba yangu mdogo akajaribu, akasema sisi Wameru tukiomba radhi tunapeleka jani la isale, ni jani safi, halina vumbi, je, haliwezi kufaa?

"Isale ni la kwenu, migombani," mzee akajibu taratibu. "Yeye amekosea kwetu."

Akili yangu ikanipeleka kwa daktari wa boma, Mjerumani. Nilifikiri, daktari akisema mbele ya watu kwamba huu ni ugonjwa, hata yule kaka atafunga mdomo. Nikamkuta ndani, madirisha yamefungwa, leso iliyolowa maji usoni, miwani myeusi, pua nyekundu kama nyanya. Akapiga chafya. Akapiga nyingine. Jamani, nilifurahi! Nikamwambia mkalimani, mtu mmoja wa pwani aliyevaa kanzu safi, "Mwambie Bwana ana ugonjwa wangu."

"Hilo siwezi kulisema."

"Kwa nini?"

"Ugonjwa ni wa Bwana. Sema wewe una nini."

Nikaeleza yote, pua, macho, nyasi, ukwe. Mkalimani akatafsiri. Daktari akanisikiliza huku anapenga kamasi, kisha akacheka, akasema maneno mengi.

"Bwana anasema," mkalimani akasema, "ugonjwa huu unawapata waungwana wa Ulaya, watu wa vitabu, wenye mishipa laini. Mshenzi hawezi kuupata. Wewe una mafua ya kulala kwenye moshi."

Soma tena hapo, msomaji. Mtu ana macho mekundu, mimi nina macho mekundu. Yeye pua inavuja, mimi pua inavuja. Tumekaa chumba kimoja tunajibizana kwa chafya. Halafu ananiambia sina! Hata kuumwa nako kumbe kuna ngazi, na mimi nilikuwa sijafikia ngazi ya kuumwa pua.

Nilipokuwa natoka, mkalimani akanishika bega, akalibonyeza kama mtu anayenunua ng'ombe. "Una mabega. Bwana anapanda mlimani kupumzisha pua. Utabeba."

Kwa hiyo yeye alipanda mlimani kwa ajili ya ugonjwa wetu, na mimi nilipanda kwa ajili ya kiti chake. Kiti cha mbao, kizito, chenye mikono. Tulipita kwenye migomba, tukapita mashamba ya mwisho, na pale nyasi zilikuwa ndefu nikapiga chafya na kiti kichwani, wapagazi wenzangu wakafanya wimbo juu yangu, sitauandika. Kisha tukaingia msituni. Ile miti mikubwa yenye ndevu za kijani, ukungu, maji yanadondoka kila mahali. Na nikasikia pua inafunguka. Upande mmoja, kisha wa pili. Nilinusa udongo. Nilikuwa nimesahau udongo una harufu.

Tulipiga kambi kwenye uwanda mdogo katikati ya msitu, ambako nyati walikuwa wamekula nyasi mpaka zimebaki kama mkeka. Nilipoziona nikaogopa. Nikakaa pembeni, juu ya jiwe. Baadaye uchovu ukanishinda nikalala juu ya hizo nyasi, uso chini kabisa, na nilipoamka sikuwa nimepiga chafya hata kidogo. Nikazing'oa, nikazinusa. Nikazisugua puani kama mwendawazimu. Hakuna kitu! Hapo ndipo nilipoelewa. Nyasi yenyewe haina neno. Adui ni mashuke.

Daktari naye alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevua miwani, macho meupe. Akaniona, akamwambia mkalimani kitu.

"Bwana anauliza, mbona leo hulii?"

"Muulize yeye mbona halii."

Sijui ni baridi au ni ile hewa, lakini safari hii mkalimani alitafsiri kama nilivyosema, nikaona kwa jinsi daktari alivyogeuka. Nikadhani sasa atakiri kwamba ugonjwa wetu ni mmoja. Akasema neno fupi, akaingia hemani.

"Amesema nini?"

"Amesema hewa ya mlimani ni nzuri, hata kwa punda."

Basi. Nilishuka na kiti chake kichwani na sikutegemea tena msaada wake.

Siku ya soko nikamweleza yule msichana kila kitu, nikiwa nimejificha nyuma ya ndizi zangu kwa sababu watu walikuwa wanatutazama. Nikamwambia nahitaji nyasi ambazo hazijatoa mashuke, na Lemara yote sasa ni mashuke matupu.

"Nyuma ya nyumba ya mama kuna mahali pa ndama," akasema. "Ndama hawaachi kitu kirefu. Nitakung'olea asubuhi, zikiwa na umande." Akafikiri kidogo. "Na usije na hasira yako hiyo. Unaonekana unataka kupigana na pua yako mwenyewe."

Nikaenda, samli puani, baba yangu mdogo nyuma na pombe ya asali. Msichana akapita na kibuyu kama anayekwenda kwa mama yake, akaniachia konzi ya nyasi fupi, mbichi, zimelowa umande. Nikaingia mbele ya wazee nimeziinua.

Kaka mtu akaziona. "Hizi ni nini? Nyasi za ndama? Fupi kama ndevu zako? Umemletea baba amani ya nusu?"

Nilitaka kumjibu, na jibu nilikuwa nalo zuri sana, mpaka leo nalikumbuka. Nikalimeza. Nikamtazama mzee, nikasema, "Baba, amani yako sikuikataa. Vumbi la mashuke linaniua. Nyasi hizi zimetoka nyumbani kwako, ndama wako wamezila na wamenona. Kama zinawatosha wao, naomba zinitoshe na mimi."

Mzee akaanza kuzungumza. Alizungumza juu ya ng'ombe wa baba yake. Alizungumza juu ya maradhi yaliyowamaliza ng'ombe wa nchi nzima, na jinsi walivyoanza upya kwa mitamba wachache. Nikajua ananipima, alirefusha makusudi. Upepo ukaanza kutoka malishoni, ule ule wenye unga wa manjano, na nikasikia pua inaanza, kule ndani. Msichana alikuwa amesimama mlangoni mwa mama yake na mkono mdomoni. Nikazibana zile nyasi fupi puani kabisa, mbichi, zenye umande, nikapumua kupitia kwenye zenyewe. Watu wakaona nazibusu. Mzee akaikatiza hadithi yake ya ng'ombe.

"Sasa unazinusa," akasema.

"Nazinusa, baba."

"Basi."

Akanitemea mate ya baraka kichwani, akaniita pakiteng, ndivyo wanavyoitana watu waliopeana ng'ombe. Na hapo hapo, maana pua yangu haina adabu, nikapiga chafya. Lakini alikuwa ameshasema basi, na nyasi zilikuwa bado mkononi mwangu. Mzee akaruka pembeni akacheka, nikaona hata yeye ana jino moja lililokatika.

Tulioana. Mke wangu alikata nyasi zote kuzunguka nyumba kila mwaka kabla hazijatoa mashuke, majirani wakasema mwanamke yule ana wivu hata na majani. Askari hakuniomba radhi kwa kile kiboko. Daktari hakuniomba radhi, alikwenda kwao na ugonjwa wake wa kiungwana na sijui kama alipona.

Kaka mtu alikuja, miaka mingi baadaye. Mtoto wake wa kiume alikuwa ameanza kuvimba macho masika yakiisha, anapiga chafya kama mimi, na wenzake wanamwita mlevi. Nikamsikia anabisha mlangoni, nikachungulia dirishani. Alikuwa amesimama kwa unyenyekevu kabisa, kofia ameivua, amekuja kuniomba radhi kwa desturi ya kwao. Mkononi ameshika nyasi. Ndefu, nzuri, zimejaa mashuke.

Nikafunga dirisha nikapaza sauti nikiwa ndani. "Shemeji, nimekusamehe! Zitupe mbali kwanza, unawe mikono, ndipo uingie!"